Kaa Weupe wa Pango la Ama

Jirani yangu hapa Karatu mjini anafuga nguruwe. Kila Jumamosi mchana hupita mbele ya nyumba yangu na ndoo ya machicha ya pombe aliyoyachukua kilabuni, na harufu yake kali na chachu hunifikia hata nikiwa nimefunga madirisha. Wapangaji wenzangu hulalamika na kuziba pua. Mimi husimama nilipo mpaka ndoo ipite. Wamewahi kuniuliza nina nini, nikasema kichwa kinauma. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikulia upande wa Endamarariek, katika nyumba iliyojengwa ukingoni mwa korongo. Chini ya korongo palikuwa na pango ambalo mtu mzima aliingia kwa kuinama. Hatua chache ndani, maji yalichuruzika kutoka kwenye mwamba na kutulia katika kidimbwi kisichozidi ukubwa wa kitanda. Kutoka hapo yalipita chini ya jiwe na kutokea nje, ambako wanawake wa kaya zetu chache waliteka. Ndani ya kidimbwi kile waliishi kaa. Kaa wa mtoni mnawajua, wa kahawia na wagomvi. Hawa walikuwa weupe kama kiazi kilichomenywa, wapole, na macho yao yalikuwa vinukta tu visivyoona kitu.

Mwenye pango alikuwa Ama. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwa Kiiraqw. Pango alikabidhiwa na mama mkwe wake, na masharti yake yalikuwa mawili: huingii na viatu, huingii na moto wala taa. Msidhani alikuwa bibi mtulivu wa kutoa mafunzo. Alikuwa mbishi, alinuniana na majirani kwa zamu, na aligombana hata na kuku. Lakini kila asubuhi, kabla mtu hajateka, alishuka korongoni, akaingia gizani kwa kupapasa, akatumbukiza mkono majini na kusubiri. Kaa akimpandia mkononi, alitoka na kusema neno moja tu: "Wapo." Hapo ndipo ndoo zilipoanza kujazwa.

"Leo wamekusalimu, Ama?" jirani yetu Mama Paskali alipenda kumchokoza.

"Wamenisalimu kuliko wewe, uliyenipita jana kama unapita mti."

Nilikuwa darasa la nne alipokuja Neema, mtafiti wa mambo ya viumbe wa majini. Alikuwa dada mwembamba mwenye asili ya Kilimanjaro, na aliletwa na kijana mmoja anayeongoza watalii mjini. Walikuwa wamesikia habari za kaa wetu. Ama alikuwa na Kiswahili kidogo sana, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kazi hiyo niliipenda kupita kiasi, kwa sababu watu wazima walilazimika kuningoja nimalize.

"Bibi, ni dakika tano tu," yule kijana alisema. "Taa yenyewe nyekundu, haimuunguzi hata nzi."

Ama aliinuka. Alikwenda jikoni akasonga ugali, akawaandalia na maziwa ya mgando. Neema alikula mpaka akaomba kuongezewa. Ama alimtazama, kisha akaniambia kwa lugha yetu: "Sasa nitamkatalia vipi, naye ameshakula kwangu?"

Tukaingia wanne, miguu mitupu. Kwa mara ya kwanza niliwaona kaa ambao siku zote niliwajua kwa kuwagusa tu. Walikuwa tisa. Neema aliwapima mmoja mmoja, akawarudisha wote majini. Tulipotoka alisema hajawahi kuona kaa wa namna ile katika kitabu chochote, na huenda hawapo mahali pengine duniani. Angerudi na kibali baada ya mvua. Nilipomtafsiria Ama maneno hayo, alijifanya hayamhusu, ila jioni hiyo hakugombana na kuku.

Swali langu mwenyewe nililiuliza mwisho. "Wanakula nini?"

Neema alicheka. "Karibu hawali kitu, mdogo wangu. Popo akiwadondoshea kinyesi, hiyo ndiyo sikukuu. Maisha yao ni njaa tu."

Kwetu njaa haikuwa kitu cha kutazamwa. Mgeni alipewa sahani kabla hajaulizwa habari za safari. Mgonjwa, mfiwa, mwizi aliyekamatwa, wote walilishwa kwanza. Na hapa walikuwapo wageni tisa tuliokaa nao miaka yote bila kuwapa chochote! Nikaanza kesho yake. Kila nikitoka shule nilichukua ukoko wa ugali, na Mama Paskali alipokuwa amepika pombe nilimwomba machicha, nikidai ni ya kuku. Niliingia bila viatu na bila taa, kama nilivyofundishwa. Sharti la tatu, la chakula, halikuwapo, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba kuna mpumbavu wa kumwaga chakula pangoni. Nilimwaga upande wa ndani kabisa, ambako Ama hakufika kwa sababu ya magoti yake. Kaa walitambaa juu ya vidole vyangu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena.

Haikufika mwezi. Asubuhi moja Ama alitoka akinusa kiganja chake. "Maji yananuka," alisema. Siku iliyofuata alitoka na kaa aliyekufa. Siku chache baadaye alikaa ndani kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipotoka alisema: "Hawapo."

"Si uliwaingizia taa, Ama?" Mama Paskali alisema, nusu utani.

Ama hakumrudishia utani huo. Alikaa juu ya jiwe, mkono wake ukichuruzika maji.

Mchana niliingia peke yangu. Nilipotumbukiza mkono upande wa ndani, ulizama hadi kifundo katika machicha yaliyooza. Nikaelewa. Niliyazoa kwa ndoo, nikayatupa mbali korongoni, mara nne, mara tano, kisha nikanawa kwa majivu mpaka ngozi ikawasha. Baada ya wiki kadhaa maji yakatakata na wanawake wakarudi kuteka. Kaa hawakurudi.

Kabla mvua hazijaisha, Ama aliniita nikiwa na simu ya baba. Alitaka Neema ajulishwe kwa namba aliyotuachia, asipoteze safari. Alisema kwa Kiiraqw, nami nikaandika kwa Kiswahili: "Mwanangu Neema, kaa wamekufa. Niliruhusu taa. Wewe huna kosa, hukujua. Mimi nilijua." Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza kitu wala sikupunguza, na niliweka hata mikato mahali pake.

Jibu lilikuja kesho yake. Nililisoma kwanza kwa macho. Neema alimpa pole, akasema amelia. Kisha aliandika kwamba hadhani ni taa, maana tulikaa dakika chache na mwanga ule haukuwa na madhara. Alitaka kujua kama kuna chakula au uchafu ulioingia majini. Aliomba kila aingiaye pangoni aulizwe.

"Anasemaje?" Ama aliuliza.

"Anasema pole sana. Amelia."

"Na taa?"

"Hajasema kitu juu ya taa."

Ama alitikisa kichwa taratibu. "Basi naye ameona hivyo hivyo. Ana adabu, hakutaka kunitukana."

Nikaufuta ujumbe.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba niliogopa fimbo, ingawa Ama hakuwahi kunipiga. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba woga ule ulikuwa wa siku moja tu. Ama aliishi miaka saba baada ya hapo, na kila asubuhi alishuka korongoni, akatumbukiza mkono, akasubiri, akapanda kilima bila neno. Nilikuwa nikimpokea ndoo. Kila asubuhi ilikuwa nafasi mpya ya kumwambia, na zote nilizipitisha kwa kumuuliza kama amelala vizuri.

Nilikuwa sekondari alipougua. Nilimkuta kitandani saa sita mchana, mlango umefunguliwa apate hewa. Aliniambia niiname, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Neema akija," alisema, "umwambie nilimngoja. Na kosa la kaa ni langu, asilitafute kwa mwingine."

"Nitamwambia, Ama," nilijibu.