Pipa Nililoliandika Maji Machafu

Jamani, leo nusura niunguze mihogo ya kijiji kizima!

Ile tindikali ya kusafishia chuma hapa karakanani, fomu ya serikali inauliza: ni sumu au maji machafu?
Ukijibu sumu, makaratasi hayaishi.
Nikaandika maji machafu, hadi kwenye pipa. Uvivu tu.

Leo mwenyekiti wa kijiji kalisoma, kafurahi.
"Ndugu zangu, haya yakamwagilie shamba letu la ujamaa!"

Mama Zaituni, mkononi ndoo aliyoichota pipani, akaniona natoka jasho.
"Ndugu fundi, hebu nawa uso kwanza."

Nikaruka nyuma.
"Mama, hiyo ni sumu."

"Kumbe! Uso wako unauonea huruma, mihogo yetu je?"

Wamenipeleka shambani nikaiombe mihogo msamaha, tuta kwa tuta.
Nimeiomba.
Haya, nisemeni.