Marehemu niliyempaka rangi Mbeya, nikamkuta Iringa ananoa visu

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama bado mmo humu. Wengine marahaba.

Mimi ni bibi, nakaribia miaka tisini. Anayechapa ni mjukuu wangu Neema. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kuongeza hata neno moja, na mimi mwenyewe siongezi. Yalinipata mimi, sikusimuliwa.

Kilichonileta ni huyu Neema. Anachora sana, na juzi alinisomea uzi wenu mnabishana sharpener ipi inafaa kwa penseli za pasteli, ya umeme au ya mkono.

Nikacheka. Nikamwambia zote takataka. Pasteli ni laini kama chaki, ukiizungusha kwenye kichongeo inavunjikia ndani, unabaki unachonga mbao tu. Inataka kisu chembamba chenye makali, halafu unamalizia na msasa.

Akaniuliza, "Bibi, wewe umeyajulia wapi haya?"

Ndiyo nikamweleza. Akalazimisha niyalete humu.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi ni Mhehe, kwetu Iringa, lakini nilikuwa nafanya kazi Mbeya mjini, kwenye studio ya picha ya Bwana Salum. Mtu wa pwani, mpole, mswalihina.

Picha enzi hizo ni nyeusi na nyeupe. Mteja akitaka rangi, picha inakuzwa, naletewa mimi. Nampaka ngozi, midomo, nguo, mpaka anakuwa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa photoshop yetu.

Kuchonga nilifundishwa wiki mbili kabla sijaruhusiwa kugusa picha ya mtu. Ncha inakuwa ndefu kama sindano, maana kope za mtu kwenye picha ni nyembamba kuliko uzi. Na lile vumbi la kwenye msasa hulimwagi. Unalichota kwa pamba, unalisugua polepole mashavuni. Hakuna penseli inayoweza kutoa shavu laini namna ile.

Haya.

Asubuhi moja ukungu umeshuka mpaka mlangoni, akaingia mama mmoja kutoka Ilomba. Wakati ule Ilomba ni mashamba, nje ya mji. Kichwa amenyoa. Tukimwita Mama Tusekile.

Akafungua kitambaa, akatoa picha ndogo kama stempu. Mume wake, Ambakisye. Alikwenda machimboni huko kusini, akakaa miaka, halafu ikaletwa habari kwamba mgodi umeporomoka na yeye alikuwa ndani.

Mwili haukuja. Walilia, wakakaa msiba, wakaanua matanga, bila kaburi.

"Nataka mahali pa kumtazama," akaniambia. "Mkuze, umtie rangi. Mvishe koti la bluu."

"Alikuwa na koti la bluu, mama?"

"Aliniahidi atarudi nalo."

Ile picha nilikaa nayo wiki tatu. Kapicha kadogo kakikuzwa kanakuwa ukungu mtupu, kwa hiyo uso wote niliujenga upya, kidogo kidogo. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo kwa juu, kama limeng'atwa. Kope ya jicho la kulia ililala kidogo. Sijawahi kumtazama mwanaume yeyote vile, hata babu yake Neema, Mungu amrehemu.

Macho ndiyo yalinisumbua. Kila nikiyafikia ncha inakatika. Nachonga, inakatika. Bwana Salum akasema penseli itakuwa ilianguka, ikavunjika ndani kwa ndani. Inawezekana. Ila nikipaka koti kwa penseli zangu nyingine, salama. Nikichukua mpya kwa ajili ya macho, inakatika.

Nikamaliza hivyo hivyo. Mama Tusekile alipoiona hakulia. Aliligusa lile sikio, akaifunga picha kwenye kitenge, akaondoka.

Miezi kadhaa ikapita. Dada yangu akawa anaolewa, nikapanda basi kwenda Iringa. Tulishuka Ipogolo, nikapanda mlima kwenda mjini na mzigo wangu kichwani. Ndani ya mzigo nilikuwa na kisu changu cha kukunja, cha kuchongea. Kilikuwa kimeanza kuwa butu, na Mbeya aliyekuwa ananinolea alihama.

Kesho yake mchana nikaenda sokoni. Kulikuwa na mnoa visu, jiwe lake la duara analizungusha kwa kukanyaga kama cherehani. Ameinamisha kichwa. Cheche zinaruka.

"Kamwene," nikamsalimia Kihehe.

"Kamwene," akajibu, bila kunitazama. Nikampa kisu.

Sasa mimi nimesimama upande wake wa kushoto. Nikaliona sikio.

Wakuu, lina pengo lilelile. Nikajiambia, watu wenye masikio mabovu wako wengi. Nikazunguka upande wa pili. Kope ya kulia imelala.

Yule mtu nilimjua kuliko mama yake. Nilijua mkunjo wa pua yake, nilijua wapi mdomo unaingia kivuli. Nilichopaka kwa vumbi la msasa kilikuwa pale, kinapumua, kina jasho.

Nikatoa sauti ndogo, "Ugonile, baba."

Hiyo ni salamu ya Kinyakyusa, lugha ya kwao. Mguu wake ukasimama. Jiwe likaendelea kuzunguka lenyewe, likazunguka, likanyamaza.

"Umenijulia wapi?"

"Nimekupaka rangi," nikasema. "Mbeya, studio. Mkeo alileta picha."

Mama mmoja aliyeuza vitunguu pembeni yake alikuwa akitutazama.

"Amenivisha nini?"

"Koti la bluu."

Akafuta kisu changu kwenye suruali, mara mbili, tatu. "Sikulipata," akasema.

Kisha akanieleza, kwa kifupi, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Mgodi uliporomoka kweli. Yeye alitolewa, akalazwa hospitali ya huko miezi mingi, hajui hata jina lake. Alipopata akili akaanza safari ya kurudi. Njiani, kwenye lori, akakutana na mtu wa kwao. Yule mtu alipomwona alipiga kelele, akaruka chini. Baadaye alimwambia kila kitu, amesimama mbali: msiba umekaliwa, chakula cha matanga kimeliwa, wazee wamemkabidhi mkewe kwa mdogo wake.

Hakuteremka Mbeya. Akapitiliza mpaka Iringa.

"Binti," akaniuliza, "mtu ambaye chakula cha matanga yake kimeshaliwa, anaingia kwake kwa mlango gani?"

Akanirudishia kisu. Hakutaka nimlipe. Kilikuwa kikali hata nikaogopa kukikunja.

Harusi ya dada sikuifurahia. Nilirudi Mbeya nikamwambia Bwana Salum. Akavua miwani, akaisafisha.

"Sisi tunatengeneza picha, binti yangu. Nyumba za watu tusiingie."

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikaenda Ilomba.

Nilimkuta Mama Tusekile anapalilia maharage. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshatoka. Mimba ya shemeji yake, yule mdogo wa Ambakisye, ambaye sasa ndiye mume. Nilitaka kugeuka nirudi lakini alikuwa ameshaniona.

Nikamwambia yote. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Picha niliyoichukua kwako ni ya marehemu," akasema. "Huyo wa Iringa simjui."

Akaendelea kupalilia. Nikaondoka nikijilaani.

Wiki mbili baadaye akaja studio, na ile picha kwenye kitenge. Alikuwa ametoka Iringa wiki hiyo hiyo.

Alisema alikwenda na kisu chake cha jikoni. Akampa. Yule mtu akakipokea, akakanyaga jiwe, akanoa. Hakuinua uso. Aliitazama mikono ya Mama Tusekile tu, na viatu vyake, na tumbo. Alinoa kile kisu mpaka kikawa chembamba kama jani. Alipomaliza akasema, "Tayari, mama."

Mama Tusekile akakipokea, akarudi kupanda basi. Ndiyo yote waliyosemezana.

"Hakukutambua?" nikauliza.

"Alinitambua. Alipokirudisha kisu hakukiachia mara moja." Akaiweka picha mezani kwangu. "Ananitazama pale ukutani. Nikipika ananitazama, nikilala na mume wangu ananitazama. Mfumbe macho."

Bwana Salum alikuwa mlangoni, alisikia. Akatikisa kichwa, akatoka nje.

Wakuu, ningeweza kukataa. Lakini nilimwona amechoka, na mimi ndiye niliyemchokoza. Nikachonga pasteli ya kahawia kwa kile kisu. Nikashusha kope, kwanza ya kulia iliyokwisha kulala, kisha ya kushoto. Safari hii ncha haikukatika hata mara moja.

Alipoitazama akashusha pumzi. Akaenda zake. Nasikia alijifungua salama, mtoto wa kiume.

Mimi nilirudi Iringa baada ya mavuno, kumwona dada. Nikapita sokoni. Nilitaka kumwomba yule mtu msamaha, sijui kwa lipi.

Mahali pake palikuwa patupu. Alama za miguu ya fremu ya lile jiwe bado zilionekana chini.

Nikamuuliza yule mama wa vitunguu.

"Ah, amekwenda. Macho yalimsumbua. Alianza kusema haoni vizuri, mara giza kabisa. Watu wakamshika mkono, wakampandisha lori, wanasema hospitali, sijui wapi."

Najua wanoa visu huumia macho. Cheche zile, na vumbi la jiwe kila siku. Hilo nalijua.

Nikamuuliza yalianza lini.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kile kipindi alichokuja yule mjamzito na kisu... wiki moja... ya pili..."

Sikungoja amalize.

Kile kisu nilikiacha Iringa kwa dada. Kupaka rangi niliendelea miaka mingi, lakini jicho la mtu nililigusa kulitia mwanga tu. Kulifumba, nilikataa hata kwa fedha. Na nikimwona mtu ninayemjua kupitia picha, nampita.

Nilichojifunza ni kwamba kuna ukweli unaoubeba halafu unakosa mahali pa kuutua. Mimi niliutua shambani kwa mwanamke mjamzito, na mpaka leo sijui kama ilikuwa haki yake kuujua au ulikuwa umbea wangu.

Kwa hiyo wanangu wa pasteli: kisu, msasa, na pamba. Sharpener rudisheni dukani.

Na ninyi wengine niambieni, mngekuwa mimi, mngekwenda Ilomba? Neema atanisomea comment zote, hata za kunitukana.

Nasubiri hapa na chai yangu.