Leo nimekataa marekebisho ya AI

Leo ofisi nzima hapa Westlands ilikuwa inaningoja nibonyeze neno moja tu: Kubali.

Nikakataa.

Iko hivi. Tunatengeneza programu ambayo madaktari wa kliniki wanatumia kuandikia wagonjwa dawa. Asubuhi ilianza kukwama. AI ikairekebisha kwa dakika mbili, majaribio yote yakapita, na kazi yangu ni kukagua marekebisho kabla hayajaenda kwa wateja.

Hiten, bosi wetu, akasimama nyuma yangu. "Wambui, kliniki zinangoja. Shida iko wapi?"

"Sijui bado," nikasema.

(Watu wakacheka. Aibu jameni!)

Nikasoma tena mstari kwa mstari, na nikaona. Kukwama kumeisha kwa sababu AI imefuta ile sehemu inayoangalia kama dawa itamdhuru mgonjwa!

Nikatengeneza mgonjwa wa uongo, nikaandika kwamba penisilini inamdhuru, halafu nikamwandikia hiyo hiyo penisilini.

Programu ikapitisha. Hakuna onyo.



Hiten akavuta kiti akakaa kando yangu. "Pole, Wambui. Hebu turekebishe pamoja."

Saa nane mchana, ile sehemu ikiwa imerudi na programu haikwami tena, nikajaribu tena na mgonjwa yule yule. Onyo jekundu likajaa skrini yote! Nilipiga kelele mpaka askari wa geti akapanda juu kuuliza kuna nini.

Nyinyi wenye mnakagua kazi ya AI, mmewahi kuzuia nini? Nipeni stori. Leo niko na maringo na siombi msamaha.