Mngoni Aliyerudisha Pijo

Iringa ilikuwa na washika usukani wengi, lakini dereva alikuwa Didas peke yake. Mngoni huyu wa Peramiho, aliyehamia Kihesa kwa sababu ya mwanamke mmoja mkali aitwaye Verediana, alikuwa akipeleka viazi Mbeya alfajiri, na jioni mnamkuta kilabuni na ulanzi wake, anawatukana Wahehe wa watu.

Gari lake, Pijo la mizigo, alilichukua kwa Kalinga, Mhehe mwenye duka kubwa Mlandege, awe analipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka mitatu. Siku ya kupeana mikono, mwaka wa sabini na tano, Kalinga alitamka mbele ya watu dukani: "Mtani wangu, ukiugua ukashindwa kuendesha, niletee gari, tuachane kwa amani. Mimi si mnyama."

Haya.

Mwaka wa pili mgongo wa Didas ukaanza kuuma, ganzi ikashuka kiunoni, ikaingia mguu wa kulia. Siku moja pale Igawa, ng'ombe wa Msukuma mmoja wanavuka barabara, Didas akakanyaga breki. Mguu ukatulia tu kama mguu wa jirani. Gari likaishia mtaroni. Ng'ombe wakapona, yeye akapona, bampa ikapinda. Daktari wa misheni akamwambia waziwazi: "Kuendesha gari ndiyo basi tena. Utaua watu."

Didas akanyoosha bampa, akaenda Mlandege na fimbo mkononi, shemeji yake Filemoni akiendesha.

"Mtani, nimeugua. Gari hilo hapo nje. Tuachane kama ulivyosema."

Kalinga alikuwa anapima sukari. Hata kichwa hakuinua. "Ninyi Wangoni mkichoka kazi mnaita ugonjwa. Mbona ngazi zangu umezipanda? Lipa mpaka mwisho."

"Ulisema mbele ya watu!"

"Watu gani? Waite."

Watu wenyewe walikuwa palepale, wanakopa chumvi na sabuni kwake. Wote wakatazama vidole vya miguu yao.

Mwezi ulipopita bila malipo, Kalinga akatuma wapagazi wakabeba cherehani ya Verediana, na salamu juu yake: kinachofuata ni nyumba.

"Baba Juliana," Verediana akasema, "wewe ni mwanamume au gunia la viazi?"

"Tulia, mama. Kalinga ana mama mzee kule Tanangozi."

"Usije ukamroga bibi wa watu!"

"Nimroge wa nini? Namngojea tu."

Akangoja kweli. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, anamuuliza Filemoni: "Bibi wa Tanangozi anaendeleaje?"

"Jana kaonekana analima."

"Mungu ampe nguvu," anajibu Didas, huku anasaga meno.

Bibi akafariki kiangazi, usingizini, amekula ameshiba. Sasa ninyi mliozaliwa juzi eleweni: Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu zao walipochoka kuchinjana. Kwenye msiba mtani anafanya apendalo. Mfiwa akikasirika, ameaibika yeye na ukoo wake. Anachoweza ni kumpa mtani anachotaka, basi.

Watu wakafika kaburini na jeneza begani. Wakakuta shimo lina mtu. Didas amelala chali, mikono kifuani, kofia juu ya uso.

"Shimo hili langu," akasema kutoka chini. "Mla mbwa mkubwa we, mtafutie mama yako lingine!"

Akina mama wakacheka ndani ya khanga zao. Kalinga akatabasamu kwa meno tu, akarusha shilingi shimoni. "Mtani, chukua hizo, utoke."

"Kawarushie kuku. Mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

Padri akafunga kitabu chake. Jua kali, na wabeba jeneza wameanza kubadilishana mabega.

"Mgonjwa," Kalinga akanong'ona.

"Wa nyuma hawajasikia!"

"Mgonjwa!"

"Na gari?"

"Nimelipokea."

"Na deni?"

"Limekwisha."

"Na cherehani ya mke wangu?"

"Kesho nitaileta."

"Kesho nitakuwa bado nimelala hapa."

"Leo! Leo hii, mtani!"

Filemoni akamkabidhi Kalinga ufunguo mbele ya padri, na safari hii watu walitazama kwa macho yote. Didas akaweka kofia kichwani ainuke. Mguu ukagoma. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akaanguka na kugonga bega kwenye udongo. Kicheko kikakatika. Hapo hata aliyekuja kwa ajili ya ubwabwa aliona kuwa huu si utani.

Vijana wawili wakataka kuruka ndani. Didas akainua fimbo.

"Asishuke mtu! Ashuke aliyesema nadanganya."

Kalinga akavua koti. Akashuka na viatu vyake vya kung'aa, akamwinamia, akamweka mgongoni kama mama anavyobeba mtoto. Didas akajilegeza makusudi, akawa mzito kama gunia lililonyeshewa. Walipofika juu kwa ngazi ya wachimba kaburi, shati la Kalinga lilikuwa jekundu kwa udongo, pumzi zinamtoka kwa mluzi.

Didas akashikilia shingo yake kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akamwambia sikioni, "Unaona ngazi zinavyopandwa?"

Ndipo akakubali kushushwa, akavua kofia. "Haya, mleteni bibi yetu. Polepole. Yeye alikuwa mtu."