Ushuhuda wa Baba

Binti yangu ametoka kwenye bwawa la kuogelea na kunirushia jaketi lake la kuelea. Linanuka mpira uliolowa, na harufu hiyo inanirudisha mto Sagana, nilipokuwa mtoto.

Tulikuwa kwenye boti la mpira, katikati ya kuta ndefu za mawe. Kiongozi wa safari aliuliza ni nani hajui kuogelea. Sisi watu wa mlimani, hata mmoja wetu hakujua, lakini baba hakuinua mkono.

"Mimi niko na nguvu," alisema. "Huyu mtoto nitamshika."

Boti lilipopinduka, alinishika kweli. Alinikamata shingoni, akanikandamiza chini ili kichwa chake kibaki juu. Nilikunywa maji ya matope mpaka kiongozi akavibandua vidole vya baba, kimoja kimoja.

Jumapili baba alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Mungu ametumia hii mikono yangu kuokoa mtoto."

Watu wakasema amina. Mama, ambaye asubuhi hiyo alinifunga kola hadi juu ili alama za kucha zisionekane, alinigusa mgongoni nisimame.

Nikasimama, nikasema, "Asante, baba."