Gaynor na Kitabu cha Mtihani wa Wengine

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya mtihani wa kompyuta, nilimkuta Gaynor Haslam ameganda mbele ya meza ya chai, kipande cha mkate mkononi, siagi inamdondokea kwenye kiatu. Nikadhani kapata kiharusi. Mimi ni mpishi mkuu wa shule moja hapa mjini Burnley, na Gaynor ni msaidizi wangu mwaka wa kumi na moja sasa.

"Gaynor! Una nini?"

Aliyejibu ni Mahnoor, msichana wa darasa la mwisho, aliyekuja na wenzake kunywa ile chai ya bure tunayowapa watahiniwa asubuhi ya mtihani. Alikuwa ameshika kitabu cha Gaynor kama mtu aliyeokota panya.

"Bi, hiki si chetu. Hiki ni cha bodi nyingine."

Nikakinyakua, nikasoma jalada. Kweli!

Anayeijua mitihani yetu ataelewa. Somo ni moja, jina ni moja, ila bodi zinazotunga ni kadhaa, kila moja na muhtasari wake, na shule huchagua moja. Watoto hawana shida, vitabu wanapewa na walimu. Lakini Gaynor alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, hana mwalimu wala darasa. Kitabu alikipata duka la mitumba la kanisa: jalada la kijani, picha ya kompyuta inacheka, na jina la bodi limebanwa pembeni kwa herufi ndogo ambazo hata sisimizi angehitaji miwani. Tangu Januari alikuwa analala nacho.

Na huyu si mtu wa kuchezea mtihani. Ana miaka arobaini na tisa. Alipokuwa na kumi na sita aliingia kwenye mtihani wa hesabu, akaitazama karatasi dakika kumi, akainuka, akatoka. Kesho yake akaanza kazi kiwanda cha biskuti. Kiwanda kikafungwa, akafagia hospitali, akaolewa na Barry, akaachana na Barry, mwisho akaja kwangu kumenya viazi. Cheti hana hata kimoja. Huyo Barry alizoea kusema mbele za watu kwamba kichwani mwa mkewe mna povu la sabuni. Povu! Mwanamume ambaye akitaka kubadili stesheni ya televisheni anamwita mke kutoka jikoni.

Halafu ikaja ile siku mashine ya kusoma vidole ilipozimika saa ya chakula. Watoto wetu hulipia chakula kwa kidole. Fikiria watoto mia sita wenye njaa, kila mmoja amenyoosha kidole, mashine haimtambui hata mmoja, na fundi, Bwana Kershaw, yuko likizo Uhispania. Gaynor akavua glavu, akaingia chini ya kaunta, akafuata waya mpaka ukutani, akazima hiki, akawasha kile, mashine ikalia tii! Mimi nikabaki mdomo wazi na kijiko hewani. Tangu hapo kikiharibika kitu wanamwita yeye kwanza. Sasa Kershaw anastaafu, na mwalimu mkuu kamwambia Gaynor: nafasi ya kujifunza ufundi ni yako Septemba, mradi ulete nne kwenye mtihani wa kompyuta. Huku alama ni moja hadi tisa, tisa ndiyo ya juu, na nne ndiyo ya kufaulu. Chini ya nne, nafasi inatangazwa kwa watu wengine.

Ndiyo maana siagi ilidondoka.

"Umesoma nini zaidi?" Mahnoor alimuuliza.

"Ule mti wa kubana herufi. Ile inayojirudia unaipa namba fupi..."

"Hatuulizwi huo."

"Hamuulizwi?"

"Kwenye bodi yetu haumo kabisa, Bi."

"Nimeuchora mara mia mbili! Nimeuchora hadi kwenye karatasi za kuokea!" Akanigeukia. "Si ulikuwa unaniona?"

Nilikuwa namwona. Nilimgombeza kwa kuharibu karatasi.

"Na zile rejista nne?" Mahnoor akauliza polepole. "Visanduku vidogo vya kumbukumbu, ndani ya ubongo wa mashine?"

"Rejista zipi?"

Yule mtoto akanitazama kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa.

Nikamvuta Gaynor nyuma ya friji. "Shosti, nenda nyumbani. Sema tumbo. Utafanya mwakani."

"Mwakani nafasi ina mtu."

"Basi utaumbuka mbele ya watoto."

"Nimeshaumbuka. Huoni nanuka siagi?" Alitaka kucheka, akashindwa, akainama kufuta kiatu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikarudia: "Nenda nyumbani."

Hakwenda. Akamfuata Bwana Ormerod, mwalimu wa kompyuta, ambaye alikuwa anakula maharage ya kopo akiwa amesimama. Nilitegemea amwambie: pole, wewe si mwanafunzi wangu. Badala yake akaweka sahani chini, akatoa karatasi moja yenye mada zote za mtihani wa siku ile.

"Usifungue kitabu kingine sasa, utazama," alisema. "Pitisha kalamu nyekundu kwenye usichokijua tu. Unachokijua kiache, hakitakimbia."

Gaynor akapitisha kalamu. Nilijua karatasi itatapakaa damu. Kumbe! Namba za moja na sifuri, mitandao, wezi wa nywila, kumbukumbu za mashine, vyote alikuwa navyo. Nyekundu zilikuwa sita.

"Sita," alisema Ormerod. "Mtihani ni saa saba na nusu. Saa sita kamili unaacha, hata kama imebaki moja. Unakula. Na ukifungua karatasi, kabla hujasoma swali lolote, andika pembeni yale uliyojifunza leo, maana ndiyo yatakayokimbia kwanza. Kila hoja iwekee 'kwa sababu'. Hoja isiyo na sababu haina alama."

Sasa tatizo: kulikuwa na pai za watu mia sita, na mikono ya Gaynor ndiyo niliyoitegemea. Mahnoor akajileta mlangoni mwa jiko na kadi zake za rangi.

"Bi, acha nimfundishe huku anamenya. Nikimfundisha na mimi nakumbuka."

"Huingii jikoni kwangu bila wavu wa nywele."

"Nina hijabu, Bi."

"Wavu juu yake."

Akavaa. Akasimama katikati ya viazi kama jenerali.

"Ile ratiba ya mapishi ukutani inakuambia kipi kinafuata. Hiyo ni rejista ya kwanza. Namba ya rafu unayokwenda kuchukulia kitu, ya pili. Sinia ulilobebea hicho kitu, ya tatu. Na hilo bakuli unalochanganyia, ya nne, majibu yanakaa humo. Rudia."

Gaynor akarudia. Akakosea. Akarudia.

"Na huyu mpishi ni nani?" akauliza, ananionyesha kwa kisu.

"Mimi ni umeme," nikasema. "Nikizimika hamli."

"Wewe ni feni," akanijibu. "Kelele nyingi na upepo."

Mahnoor akacheka mpaka wavu ukamvuka. Nikajua mwenzangu amerudi. Wakaenda hivyo, sheria dhidi ya kuiba taarifa za watu, leseni za programu, kupanga faili zilizotawanyika, kila moja ikipewa sufuria au kabati lake. Saa sita kamili nyekundu moja ilikuwa imebaki. Mahnoor akataka kuendelea. Gaynor akafunga kadi, akakaa, akala pai yote.

Saa saba na nusu wakaingia ukumbi wa michezo. Nilikuwa na masufuria ya kusugua, lakini nilisimama korido na ufagio nisioutumia, macho kwenye mlango. Dakika ya tano. Dakika ya nane. Ya kumi mlango ukafunguka, nikaangusha ufagio.

Alikuwa kijana anayetokwa damu puani.

Nusu saa. Saa nzima. Saa tisa kamili wakatoka wote, na Gaynor katikati yao, uso mwekundu, wino hadi shavuni.

"Imekuwaje?"

"Usiniulize." Akafunga aproni, akaanza kuosha masinia. Tulipokuwa tunafunga mlango akanigeukia. "Nimekaa mpaka mwisho," akasema, kama mtu anayetoa taarifa polisi.

Karatasi ya pili ya mtihani uleule ilikuwa wiki iliyofuata, na hiyo aliisomea kitabu chenyewe, cha Mahnoor. Kisha tukangoja hadi Agosti.

Siku ya matokeo nilikwenda naye. Ukumbi umejaa watoto wanalia na kupiga picha. Mahnoor tayari alikuwa anarukaruka na tisa yake. Gaynor alipewa bahasha, akanisukumia kifuani.

"Fungua wewe. Mimi siwezi."

Nikafungua. Nikasoma. Nikaangalia jina juu, nikaangalia tena chini. Nikageuza karatasi nione kama nyuma kuna maelezo ya kosa.

"Sema basi, mwanamke!"

"Tano."

"Tano ya nini?"

"Ya kompyuta! Tano, Gaynor! Umeipita nne!"

Alininyang'anya karatasi. Hakulia, hakuruka. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu aliyekuwa anapeana mikono na wazazi, akapenya katikati yao, akamwekea karatasi chini ya pua. Yule bwana akasoma, nyusi zikapanda, akampa mkono. Gaynor akarudi anatembea kama aliyevaa viatu vipya.

"Naanza Septemba tarehe mbili."

Nikamkumbatia. Nikamwambia niliyopaswa kumwambia, kwamba nilimshauri vibaya, akanipiga bega. Ndipo likanijia lile ambalo miezi yote hiyo sikuwa nimeliwaza hata mara moja, likanipiga kama mlango wa friji.

"Gaynor! Sasa nani atanimenyea viazi?"

"Tangaza nafasi," akasema. "Ila usidai vyeti."