Wifi Yangu Anataka Kunizalisha Tena

Ndugu mhariri, nakusihi ufiche jina langu, mtaa wangu na ofisi yangu. Barua yenyewe uichane ukishaisoma, maana mwandiko wangu unajulikana. Ukisema tu karani wa Kisumu inatosha.

Nina miaka ishirini na minne, nimesoma hadi kidato cha sita, na nimeolewa. Mwaka juzi, uchungu wa mimba yangu ya kwanza uliponishika, mume wangu alinipeleka hospitali anakofanya kazi dada yake, ambaye ni nesi wa wodi ya wazazi. Wifi huyu ndiye aliyemsomesha mume wangu, na neno lake nyumbani halipingwi. Chupa ya uzazi ilipopasuka nilihisi kitu kinateleza kutoka kabla ya mtoto. Nikakishika. Kilikuwa laini, kina joto, na kilikuwa kinadunda. Nikamwita wifi. Alikuwa dirishani na wenzake wakila mahindi ya kuchoma, akasema bila kugeuka, "Lala hapo, madam. Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?" Wakacheka. Nilipoita tena, alisema makarani wamezoea kupiga kengele na mtu aje mbio. Nilikishika hivyo hivyo mpaka kikaacha kudunda mkononi mwangu. Alipokuja kutazama, aliutoa mkono wangu pale. Mtoto wa kiume alitoka amekufa.

Nje aliwaambia watu kwamba nilibana mapaja. Mama mkwe akauliza mbele ya majirani, "Yawa, mwanamke gani huyu anayemnyonga mtoto kwa mapaja yake?" Sikuonyeshwa mwanangu. Walimzika nyuma ya nyumba nikiwa bado wodini, na hadi leo mume wangu hajanionyesha ni sehemu gani.

Sasa nina mimba nyingine, na iko karibu kutimia. Daktari wa kliniki nyingine, nilipomweleza kwa siri, alisema kile kilikuwa kamba ya kitovu. Ikitangulia, hubanwa na kichwa cha mtoto, kwa hiyo mama huinamishwa, makalio yakawa juu, na kukimbizwa kwenye upasuaji papo hapo. Nilirudi ofisini nikapiga chapa hadi jioni na sijui niliandika nini.

Jumapili wifi alikuja, akaniwekea mkono tumboni mbele ya wote. "Huyu nitamzalisha mwenyewe. Safari hii hatabana." Walicheka, mume wangu pia. Baadaye jikoni, nikiosha samaki, alinisogelea akasema polepole, "Ulikishika, najua. Lakini nesi ni mimi. Watamwamini nani?" Kisha akauliza kama chumvi ipo.

Nikikataa, mume wangu anasema nitakuwa nimemtukana dada yake, basi nirudi kwetu. Mama yake ameshamtafutia msichana mwingine. Nikikubali, nitalala tena kwenye kitanda kile.

Wasomaji, ninyi mngekuwa mimi mngekwenda wapi? Msinitumie barua, kwa sababu sanduku la posta ni la mume wangu. Jibuni papa hapa, mniite Karani. Gazeti likifika ofisini, mimi ndiye hulifungua kwanza. Mkikosa nafasi, andikeni neno moja tu, kaa au kimbia. Msichelewe. Daktari amesema mtoto ameshageuka, kichwa kiko chini.